Moto Uliovuka Mto Manyenze

Zama zile bunduki ilikuwa bado habari ya kusimuliwa na wapita njia, na utajiri wa mtu ulionekana katika zizi lake na katika majembe ya chuma yaliyoegemezwa ukutani. Ndipo nchi ya Uganzo ilipoinuka. Kabla ya hapo Waganzo walikuwa watu wa kutaniwa. Walikuwa na ardhi pana, ng'ombe wengi na vijana wenye nguvu, lakini hawakuwa na chumvi wala chuma, na jirani zao walizoea kusema kwamba Mganzo akitaka mboga ikolee hulamba jiwe. Utani ni utani, ila ukitaniwa vizazi sita huanza kuuma.

Aliyeukomesha utani huo ni Mtemi Ngelela. Hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, akivaa ngozi ya chui begani na kibangwa kimoja cheupe kifuani, ile kauri bapa ambayo watemi peke yao waliruhusiwa kuivaa. Kwa miaka tisa ya kwanza ya utawala wake hakupigana na mtu. Aliozesha tu. Mabinti wa Uganzo walipelekwa kuolewa katika kila nchi jirani, mahari ikapokelewa bila ugomvi, na wazee wakadhani Mtemi wao ni mpole. Kumbe kila binti alikuwa njia iliyofyekwa.

Mwaka wa kumi aliwaita wakuu wake ikuluni, akachora kwa fimbo juu ya jivu.

"Kusini wako wahunzi wa Ukanga," alisema. "Magharibi, ng'ambo ya mto Manyenze, iko Ubelele na chemchemi zake za chumvi. Asiye na chuma hushikwa mkono. Asiye na chumvi hushikwa ulimi. Mimi nimeshikwa kote kuwili."

Mzee mmoja alipiga makofi mawili ya heshima kisha akauliza, "Mtemi, si tunabadilishana nao? Wabelele hawajatunyima chumvi hata siku moja."

"Hawajatunyima kwa kuwa hakuna aliyewaamuru watunyime. Kaskazini Usekera inakua, baba. Siku Usekera itakapokaa juu ya chemchemi zile, utaitafuta chumvi kwa kumtoa mwanao. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, na huo ndio ubaya wa maneno ya wakubwa. Yangekuwa uongo mtupu, wazee wale wangeyakataa na watu wengi wangekufa uzeeni.

Sasa yafaa ieleweke desturi iliyozitawala nchi zile zote, maana bila hiyo kisa hiki hakina kichwa wala miguu. Mtemi mpya aliposimikwa, meko yote ya nchi yalizimwa. Jivu lilimwagwa njia panda. Kisha moto mpya ulipekechwa ikuluni kwa ulindi na uwimbombo, vile vijiti viwili vya enzi, na kila kaya ikaja kuchukua kaa lake. Mtu alikuwa wa nchi ile ambayo moto wake ulipika chakula chake. Kwa hiyo mtemi mwenye nguvu alipotaka nchi ya jirani bila kumwaga damu, alipeleka moto ndani ya chungu. Jirani akiupokea na kuzima wake, amekuwa wa chini yake. Akiukataa, mikuki ilifuata.

Wabelele tu ndio walioachana na sehemu moja ya desturi hiyo. Wao hawakuzima moto mtemi alipokufa. Moto wao, walisema, uliwashwa na mwanzilishi wa nchi siku alipoonja maji ya chemchemi akayatema, akacheka, na haujazimika tangu siku hiyo. Bibi arusi alipoingia Ubelele alipewa kaa kutoka meko ya mama mkwe wake, naye mama mkwe alilipata kwa mama mkwe wake, hivyo hivyo hadi ikuluni. Walijivunia jambo hilo kuliko chumvi yenyewe.

Ngelela alimteua Shigela kuwa mbeba moto. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye kovu la chui begani, na alijulikana kwa kutosema uongo, sifa ambayo watawala huitafuta pale wanapotaka uongo wao uaminike. Lakini hiyo haikuwa sababu kubwa. Mbeba moto aliruhusiwa kupumzika katika nyumba ya damu yake tu, na Shigela alikuwa na binti Ubelele. Jina lake Holo. Aliolewa huko miaka sita nyuma, katika kijiji cha Mhandu, na alikuwa na watoto wawili ambao Shigela alikuwa amewaona mara moja tu.

"Nenda ukawaokoe wajukuu zako," Mtemi alimwambia. "Wakipokea moto, hakuna nyumba itakayoguswa. Wakikataa, sitaweza kumwambia kila askari aiache nyumba ya Holo."

Shigela alipiga magoti akapokea chungu. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Walitoka Uganzo mwanzo wa kiangazi. Nyuma walikuja askari elfu mbili, ngao za ngozi ya nyati mgongoni, ambao wangengoja ukingoni mwa Manyenze kwa siku saba. Wasipoona asubuhi isiyo na moshi juu ya Ubelele, wangevuka. Pamoja na Shigela walikwenda walinzi kumi chini ya Lutema, mwanamume mwenye nyerere, zile bangili za waya mwembamba wa shaba, kuanzia kifundo cha mkono hadi kiwikoni, ambaye alikuwa ameahidiwa ukuu wa chemchemi iwapo zingetekwa kwa mkuki. Kwa hiyo Lutema aliomba kimoyomoyo Wabelele wakatae, na hakujisumbua sana kuificha sala hiyo.

Mbeba moto alitembea mbele peke yake. Hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia, wala kumkaribia zaidi ya mrusho wa mshale, wala kuchungulia ndani ya chungu. Moto uliokufa njiani ulikuwa na maana moja tu kwa Waganzo: mizimu ya nchi ile imeukataa. Aliyeubeba alitoswa mtoni, na nchi ile ikapelekewa mikuki bila kuulizwa tena.

Pale kivukoni maji yalimfika Shigela kifuani. Alikuwa ameweka chungu kichwani, kimefungwa kwa ngozi ya swala. Alikanyaga jiwe lenye utelezi, akayumba, na chungu kikazama hadi shingoni kabla hajakikamata. Ilikuwa kitambo cha kupepesa jicho, na walinzi walikuwa bado nyuma ya matete ya ukingo. Alifika ng'ambo akakisikiliza kwa kiganja, akahisi joto bado, akashukuru. Lakini ilipofika saa ya kukilisha samadi kavu, alifungua mfuniko akakuta tope la jivu, baridi.

Alikaa chini katikati ya njia. Nyuma yake walinzi nao wakasimama, mbali, wakidhani anaulisha moto kama kawaida. Shigela hakuwa mwoga wa kufa, ila siku hiyo aliogopa, kwa sababu kifo chake kilikuwa kimebeba na vifo vingine. Alimwona Lutema kwa mbali akicheza na kigumba cha mkuki wake. Hakuweza kupekecha moto pale njiani, moshi ungeonekana. Alifunga ngozi, akatia chungu kichwani, akaenda moja kwa moja hadi Mhandu.

Holo alikuwa anatwanga uwani. Alipomwona baba yake na chungu kile, aliutupa mchi, akapiga magoti, kisha akamtazama usoni na furaha ikamwishia.

"Baba, una nini?"

"Ingia ndani, mwanangu. Watoe watoto."

Walinzi walibaki nje ya ua, kama desturi ilivyotaka. Ndani, Shigela alifungua chungu akamwonyesha. Holo alikuwa Mganzo wa kuzaliwa, hakuhitaji kufafanuliwa.

"Umekufa," alisema.

"Mtoni. Lutema akijua, kesho kutwa kijiji hiki ni majivu. Nipe kaa, mama. Moja tu."

Holo alitazama meko yake ya mawe matatu, ambapo nyungu ya kunde ilikuwa inachemka. Mama mkwe wake alikuwa amempa kaa lile siku ya arusi, akamwambia: sasa wewe si wa kwao, wewe ni wa kwetu.

"Baba, huu ni moto wa Ubelele. Utawapelekea moto wao wenyewe?"

"Nitawapelekea moto. Mimi sijui mwingine."

"Na wewe hukuwahi kusema uongo."

"Sikuwahi kuwa na wajukuu," Shigela alisema.

Holo alichukua koleo la mti, akachagua kaa kubwa lililoiva, akaliweka juu ya samadi kavu ndani ya chungu. Akaongeza la pili. Alikuwa analia. Baba yake alipotoka nje, moshi mwembamba ulikuwa unapenya kwenye ngozi ya swala, na Lutema alipouona alitema mate pembeni.

Ikulu ya Ubelele ilizungushiwa minyaa minene iliyofumana hata mbuzi hakuweza kupita. Aliyetawala alikuwa mwanamke, Mtemi Nyanzala, mwenye umri wa kama miaka arobaini, mnene, mwenye macho makali na ulimi wa kutania. Alivaa nguo ya magome ya mti iliyopakwa mafuta, na kibangwa chake kilikuwa kimepasuka ukingoni. Upande wake wa kulia aliketi Kishiwa, mdogo wake wa tumbo moja, jemadari wa wapiga upinde mia nane wa nchi ile.

"Karibu, mkwe wetu," Nyanzala alisema. "Tulikupa posho ya chumvi siku ya arusi, nawe leo unatulipa kwa chungu. Ngelela hajambo? Bado analamba mawe?"

Wazee wakacheka. Shigela naye karibu acheke, ndivyo utani ulivyo kati ya wakwe, lakini Kishiwa alisimama.

"Dada, usimchekee mtu huyu. Uganzo imevaa ngozi ya mkwe. Leo moto, mwakani chemchemi, mwaka wa tatu vijana wetu watabeba mizigo ya vita vyao. Nina mishale iliyolala katika sumu tangu mwezi mchanga. Kivuko ni chembamba. Wavuke, tuwahesabu!"

Vijana waliitikia kwa kishindo. Na mimi ninayesimulia sitamlaumu. Kishiwa alikuwa mtu shujaa, na kila alilosema kuhusu Uganzo lilikuwa kweli. Ila hesabu yake ilikuwa na kasoro: mia nane kwa elfu mbili, na kiangazi, maji ya kivuko yanapungua kila siku.

Ilikuwa haki ya mtemi kuzungumza na mbeba moto faraghani, katika nyumba ya ngoma. Nyanzala alimwongoza humo na kufunga mlango wa matete. Utani ukamtoka.

"Niambie kweli. Ngelela anataka nini kwetu?"

"Chumvi, Mtemi. Na kivuko. Na kwamba Usekera isivipate yeye akiwa hai."

"Basi. Hana chuki nasi?"

"Hakuwahi kuwafikiria kiasi hicho."

Nyanzala alikaa juu ya ngoma moja, jambo ambalo hakuna mwingine angethubutu. "Nitakataa, mkwe. Najua tutakufa. Lakini moto ule nimekabidhiwa, na kabla yangu watemi kumi na wanne. Nikiuzima, nitakwenda kwao na uso gani? Kamchukue binti yako leo, umvushe mto. Hilo ninakupa."

Hapo Shigela angeweza kunyamaza. Ruhusa ya kumwokoa Holo na watoto alikuwa nayo mkononi, na huko ndiko moyo wake ulikomwelekeza. Lakini alikumbuka kwamba Holo alikuwa na mume, na mume alikuwa na mama, na mama yule ndiye aliyetoa lile kaa. Alipiga magoti akafungua ngozi ya swala.

"Mtemi, moto wa Uganzo ulikufa mtoni. Huu nimeutoa Mhandu, kwenye meko ya Holo. Nimekuletea moto wako."

Nyanzala hakuelewa mara moja. Alipoelewa alianza kucheka, akaziba mdomo kwa nguo yake, akacheka hadi machozi yakamtoka. Kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

"Kwa hiyo nikiupokea, sikupokea kitu."

"Ndiyo, Mtemi."

"Moto utazimwa na utawashwa, na utakuwa ule ule."

"Ule ule."

"Na siwezi kumwambia mtu."

"Ukimwambia mmoja, Lutema atakuwa amejua kabla ugali haujaiva. Atanitosa mimi, halafu atavusha jeshi."

"Hata Kishiwa?"

Shigela alikumbuka sauti ya jemadari yule kule barazani. "Yeye ndiye wa kwanza usimwambie. Mtu anayelia kwa kweli ndiye anayeaminiwa."

Nje ngoma ndogo zilikuwa zimeanza, vijana wakiimba vita. Alichokuwa anapima Nyanzala hakikuwa uhai wake. Alikuwa anapima jina lake. Watu wale aliowalea wangemtemea mate, nduguye angemkana, na angelala kaburini akiitwa mwoga, ilhali angeweza kufa vizuri kesho kutwa na kuimbwa.

"Shujaa mwenye kaburi zuri huacha wajane," alisema mwishowe, kama mtu anayejisemea. "Funga chungu chako, mkwe. Tutoke."

Asubuhi ya siku ya nne hakukuwa na moshi juu ya Ubelele. Wanawake walimwaga maji kwenye meko, wakalia kama kwenye matanga. Vikongwe walikaa juu ya jivu wakakataa kuinuka. Nyanzala mwenyewe alizima meko ya ikulu mbele ya Lutema, kisha akapokea kaa kutoka chungu cha Shigela, na nchi nzima ikaja kulichukua, kijiji baada ya kijiji, wakiinamisha vichwa. Lutema alihesabu vijiji hadi cha mwisho, akarudi kwa Ngelela bila chemchemi zake.

Kishiwa hakuja kuchukua kaa. Alikuja na upinde wake, akaukata ugwe mbele ya dada yake.

"Umezima kilichowashwa na babu yetu," alisema. "Kuanzia leo mimi sina dada."

Nyanzala alifungua mdomo. Shigela, aliyesimama karibu, aliona jinsi neno lilivyomfika kooni. Alilimeza.

"Nenda salama, mdogo wangu," alijibu.

Kishiwa aliondoka na wanaume sitini kwenda kaskazini, kuomba hifadhi Usekera.

Miaka ishirini na miwili ilipita. Wahunzi wa Ukanga waliukataa moto wa Ngelela. Walipigana mwezi mzima, wakasifiwa na kila mtu, na nchi yao ikamea vichaka. Ubelele ilibaki. Ilipeleka mizigo ya chumvi Uganzo kila kiangazi, ikanung'unika, ikazaa watoto. Lakini hakuna aliyemshukuru Nyanzala. Akina mama waliacha kumletea watoto wachanga awape majina. Alipopita, watu walipiga makofi ya heshima huku wakitazama kando. Alizeeka akitania wajakazi tu. Alipokufa kwa homa, waliomzika walikuwa wachache, na Holo alikuwa mmoja wao.

Kisha Ngelela naye akafa, na wanawe watano wakaigawana Uganzo kama fisi wanavyogawana. Shigela, ambaye sasa alikuwa mzee wa kutembelea mkongojo, alikimbia vita vya ndugu hao akaja kuishi Mhandu kwa binti yake. Ndipo Usekera, iliyokuwa imengoja kwa subira, ikashuka. Haikushuka kama adui. Ilikuja na Kishiwa, mwenye mvi, kovu la shoka shavuni na watu kumi na tisa kati ya wale sitini, na nyuma yao askari elfu tatu wa Usekera wenye nguo nyeupe za pamba. Ubelele, isiyokuwa na mtemi tangu Nyanzala afe, ilitoka nzima kumlaki kwa vigelegele kama mtemi wake mpya. Na mbele ya Kishiwa, chini ya mwavuli wa manyoya, alitembea mtu amebeba chungu.

Amri ilikuwa nyepesi na watu waliipokea kwa furaha: moto wa Uganzo uzimwe kila kaya, na moto wa ukombozi uchukuliwe ikuluni. Vijana walikimbia na mitungi ya maji wakiimba. Walimwaga moto wa mwanzilishi wao kijiji baada ya kijiji, wakicheza, na wanawake wakawashangilia.

Mhandu walimkuta Holo amesimama mlangoni mwa jiko lake na mchi mkononi.

"Hapa hampiti," alisema.

"Bibi huyu ni Mganzo," kijana mmoja alisema. "Analinda moto wa kwao."

Waliuchukua moto wake ndani ya kigae, uwe ushahidi, pamoja naye na baba yake, wakawapeleka wote watatu, ukitaka kusema hivyo, mbele ya Kishiwa. Mjumbe wa Usekera alikuwa ameketi barazani akinywa pombe ya mtama. Shigela aliomba yeye na Holo, na kigae chao, waseme na Mtemi mpya katika nyumba ya ngoma, kama mbeba moto wa zamani, na Kishiwa, kwa kuheshimu desturi, alikubali.

Shigela alimwambia yote: jiwe la mtoni, kaa la Holo, kicheko cha Nyanzala, neno alilolimeza. Kishiwa alisikiliza akiwa amesimama. Ilipofika pale dada yake aliposema "hata Kishiwa?", alitafuta pa kukaa, akakosa, akakaa chini sakafuni.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi, binti yangu huyu, na yeye aliyelala kaburini."

"Kwa nini hakunitumia ujumbe? Miaka ishirini na miwili!"

"Ungemwamini?" Holo aliuliza.

Shigela alimsogelea. "Mtemi, chungu cha Usekera kiko humu ndani, na bado hakuna kaya iliyochukua kaa lake. Hakuna anayetuona. Kimwage, utie kaa hili. Lilifanyika mara moja, linaweza kufanyika tena. Nchi itakuwa na moto wake, na Usekera watarudi kwao wakiwa wameridhika."

Kishiwa alikitazama kigae kilichokuwa mikononi mwa Holo. Makaa yalikuwa mekundu bado. Alinyoosha mkono, na Holo akamsogezea, na kwa kitambo ilionekana atalipokea. Nje watu wake kumi na tisa walikuwa wanaimba wimbo wa uhamishoni, sauti zimekauka kwa uzee.

"Walikufa arobaini na mmoja," alisema. "Kwa njaa, kwa ndui, katika vita vya Usekera ambavyo havikutuhusu. Kila nilipomzika mmoja nilimwambia, umekufa kwa ajili ya moto wa babu. Sasa nitabeba siri hii, nikae nao kila siku, nikijua kwamba tuliukimbia moto wetu wenyewe? Na dada yangu..." Alishindwa kumaliza.

"Dada yako aliweza kuibeba," Holo alisema.

"Mimi siye yeye."

Alilia waziwazi, mzee wa vita yule, hata kamasi zikamtoka. Kisha akasimama, akachukua mtungi wa maji uliokuwa pembeni mwa ngoma, akaumimina wote juu ya kigae. Mvuke ulijaa chumbani. Holo alipiga ukelele mmoja tu.

Kishiwa hakuwadhuru. Aliwapa ng'ombe wawili na mtu wa kuwasindikiza hadi nyumbani. Shigela hakumaliza mwaka. Ubelele ilipeleka chumvi yake kaskazini tangu mwaka huo badala ya mashariki, mizigo ile ile na mingine juu yake, na ikajiita nchi huru kwa sababu wimbo wa ukombozi ulikuwa mzuri.

Watambaji wa Ubelele huwataja watemi wao kwa mpangilio siku ya mavuno, na watoto hujifunza orodha hiyo mapema. Wa kumi na tano huitwa Nyanzala Aliyezima Moto. Wa kumi na sita huitwa Kishiwa Aliyeuwasha. Wajukuu wa Holo walijifunza hivyo hivyo, wakaimba hivyo uwani mbele yake, na siku mmoja wao alipokosea mpangilio, Holo mwenyewe alimsahihisha, akaendelea kusonga ugali.